Badilisha Mkono, Hajji

Baba yangu mdogo, ambaye nyumbani tunamwita Hajji, alianza kutembea na fimbo nyonga yake ya kulia ilipoanza kuuma. Aliishika kwa mkono wa kulia, upande wa maumivu, kama wafanyavyo wazee wengi ninaowaona hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wakitoka msikitini. Kwa macho ya kawaida ni sawa kabisa: penye ufa ndipo pa kuweka nguzo. Siku mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwambia, "Hajji, badilisha mkono, fimbo iende kushoto," mzee alinigeukia kwa jicho la kuuliza huyu kijana kasomea wapi.

Kijana alikuwa sahihi, na sababu yake ni hesabu ya wenzo ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Chukua mtu wa kilo 72. Akiinua mguu wa kushoto ili apige hatua, anabaki amesimama juu ya nyonga ya kulia peke yake. Mguu aliousimamia una kilo 12 hivi, kwa hiyo nyonga imebebeshwa 60 zilizobaki: kichwa, kiwiliwili, mikono na ule mguu unaoning'inia. Uzito huo haujakaa juu ya nyonga yenyewe. Umekaa katikati ya mwili, kama sentimita 10 pembeni. Ukiachwa hivyo, kiuno kitainamia kushoto kama beseni lililoshikwa ukingo mmoja. Kinachokizuia ni misuli ya upande wa nje wa nyonga, nayo inavuta kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wenzo wake ni nusu, basi nguvu yake haina budi kuwa mara mbili: kilo 120. Kiungo cha nyonga kinabanwa na vyote viwili, 60 za mwili na 120 za msuli. Jumla 180, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa mtu mzima aliyesimama palepale. (Wahandisi wangeandika nyutoni. Mimi nabaki na kilo za sokoni.)

Namba hizo ni za makadirio, lakini hazikuokotwa njiani. Kule Berlin, timu ya Georg Bergmann iliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye vipimio ndani, zikawa zinatuma vipimo nje bila waya huku wenyewe wanatembea. Kwa mwendo wa kawaida zilisoma karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili.

Sasa ipeleke fimbo mkono wa kushoto. Pale iko mbali na nyonga ya kulia, tuseme nusu mita. Hajji akiikandamiza kwa kilo 5 tu, urefu ule wa wenzo unaupunguzia msuli kilo 50, na mbano kwenye kiungo unashuka kutoka 180 hadi 125. Katika mwili halisi nafuu huwa ndogo kuliko ya kwenye karatasi, ila inaelekea huko huko. Fimbo iliyo kulia haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa upande unaotaka kuanguka ni wa kushoto. Ndiyo maana anayeishika upande wa maumivu hutembea akiyumba, akiutupa mwili wote juu ya mguu mbovu ili usimwangushe.

Hesabu za namna hii ndizo kazi ya biomekanika, fani inayoutazama mwili kwa jicho la fundi wa mitambo: nguvu inatoka wapi, inapita wapi, inaishia kwenye nini. Ndugu yake, uhandisi wa tiba, huchukua majibu hayo na kuyatengenezea vifaa, na siku hizi Makerere wanaufundisha. Ila fundi wa madaraja akiletwa kwenye mwili atakwama mahali pamoja. Daraja la Jinja halijui leo limepitiwa na malori mangapi, wala halitanenepa kesho kwa sababu ya msongamano wa jana. Mfupa unajua, na unanenepa.

Mfupa unasoma

Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, alieleza kwamba umbo la mfupa hufuata kazi unayofanyishwa. Mifano imejaa. Mchezaji wa tenisi ana mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi. Wanaanga, ambao huko juu hawana uzito wa kubeba, hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hiyo ni kwa watu wenye afya ya kuchaguliwa.

Mfupa unajuaje? Ndani yake zimo seli zilizojizika kama mchwa ndani ya kichuguu, zikiunganishwa na vijinjia vyembamba vyenye majimaji. Mguu ukikanyaga, mfupa unapinda kwa kiasi kidogo mno, majimaji yanasukumwa, seli zinahisi mtikisiko na kupeleka habari: hapa pajengwe, pale paliwe. Asiyekanyaga hana habari ya kupeleka. Mfupa wake unasoma ukimya, na ukimya maana yake ni bomoa.

Mtoto wa Hajji, mdogo wangu, ni mwanaboda. Hapa Busia kazi hiyo ina asili yake: jina boda boda lilizaliwa mpakani kwetu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo cha nchi hii hadi cha nchi ile, waendeshaji wakinadi "boda! boda!" Mwaka juzi lori lilimbana kwenye kona, muundi wa kushoto ukavunjika.

Kikao cha ukoo kilikaa kabla hata plasta haijakauka. Shangazi alitaka mtoto alale miezi sita asiguse chini. Mjomba alitaka apelekwe kwa waunga mifupa, ambao Waganda huwaita abayunzi, kwa hoja kwamba wao humwamsha mgonjwa mapema. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli mkononi, na nusu hizo hazikuwa zinasalimiana.

Nusu ya shangazi ni hii. Mfupa ukivunjika, damu huganda kwenye pengo, kisha tishu laini huota humo, baadaye gegedu (tishu ngumu kidogo kama ya sikio), na mwisho mfupa wenyewe. Daktari Mswisi, Stephan Perren, alitoa wazo linaloeleza kwa nini foleni hiyo hairukwi. Kila kinachoota kwenye pengo kina kiwango chake cha kuvumilia kuvutwa. Tishu laini ya mwanzo inaweza kuvutwa hadi mara mbili ya urefu wake isikatike. Gegedu inavumilia kama asilimia 10. Mfupa mchanga, asilimia 2 tu. Basi pengo likichezacheza ovyo, mfupa hauna pa kuanzia: kila uzi unaotandazwa leo unakatwa kesho. Tishu laini ndiyo inayotangulia kukaza kidogo, kukaza huko kunaipa gegedu nafasi, gegedu nayo inapunguza mchezo mpaka mfupa unapata utulivu wa kuota. Ni kama mafundi wanaoweka mbao kwanza ndipo zege limwagwe. Ukizing'oa mbao siku ya pili, usimlaumu muuza saruji.

Nusu ya mjomba nayo ina ushahidi. Mwaka 1985 watafiti wawili Waingereza, Goodship na Kenwright, walichukua kondoo wenye muundi uliovunjika, wakawagawa. Wengine mifupa yao ilibanwa kwa vyuma visivyotikisika. Wengine vyuma vyao viliruhusu pengo lisogezwe milimita 1, mara 500, kwa dakika 17 hivi kila siku, siku nzima iliyobaki ikiwa ya kutulia. Waliotikiswa kidogo ndio walioungika vizuri zaidi. Dakika 17! Yaani seli hazihitaji kutwa nzima ya purukushani, zinahitaji barua fupi ya kila siku.

Kwa hiyo kulala miezi sita ni kosa, na kukimbilia kukanyaga ni kosa. Sina nia ya kuwadharau waunga mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, na mvunjiko wa kawaida usiotoka mahali pake huungika kwao kama unavyoungika popote. Hofu yangu ni kamba. Mguu uliovunjika huvimba, na vijiti vikifungwa kwa kukaza juu ya uvimbe, shinikizo la ndani huzidi lile la damu kwenye mishipa midogo. Misuli inakosa hewa, na baada ya saa chache tu inaanza kufa. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kadiri mtu anavyovinyoosha, fungua hapohapo na umpeleke hospitali usiku huohuo. Plasta ya hospitali inaweza kufanya uharibifu ule ule, kwa hiyo onyo hili si la kijijini peke yake.

Chuma, drili na fundi wa kuchomelea

Mvunjiko wa paja ni habari nyingine. Misuli ya paja ina nguvu nyingi mno hivi kwamba huvuta vipande vikapandana, na plasta haitoshi kuvizuia. Njia ya zamani ni kuuvuta mguu kwa uzito ulioning'inizwa kwenye kitanda, wiki sita na zaidi. Inaunga, lakini hesabu gharama: kitanda cha wodi, ndugu wa kupika na kufua, na mwenye nyumba anayedai kodi wakati mfanyakazi amelala.

Kihandisi, jibu bora ni chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa. Kikiwa pale katikati, kinashiriki mzigo na mfupa, tofauti na bamba lililoskrubiwa ubavuni ambalo hupindwa kila hatua. Tatizo ni skrubu za kukifunga juu na chini. Lazima zipite kwenye matundu ya chuma ambacho sasa kimefichwa ndani ya mfupa. Hospitali tajiri hutumia mashine ya eksirei inayoonyesha picha hai wakati wa upasuaji. Penye mashine mbovu, au pasipokuwa na mashine?

Lewis Zirkle, daktari wa mifupa Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Vietnam wakati wa vita, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN kujibu swali hilo. Chuma chao kina mkono unaobaki nje ya mguu, wenye matundu yaliyopangwa sambamba na yale ya ndani. Mpasuaji analenga kwa mkono wa nje, anatoboa, anapata tundu asiloliona. Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, ni miongoni mwa zinazoutumia. Faida yenyewe iko kwenye mzigo: mgonjwa huamka mapema, anaanza kukanyaga kwa kiasi, na mfupa unapata barua zake.

Kutoboa nako kuna kisa. Drili ya upasuaji ni ghali sana, na drili ya duka la vifaa vya ujenzi haiwezi kutiwa kwenye mvuke wa kuua vijidudu, maana mota na betri vitaungua. Wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, wakishirikiana na wapasuaji wa Mulago, walitoka na jawabu lisilo na makuu: mfuko wa kitambaa kisichopitisha vijidudu, unaosafishwa kwa mvuke na kutumika tena, ambao ndani yake drili ya dukani inakaa ilivyo huku kishikio safi cha chuma kikitokeza mbele. Nampenda mtu anayelitazama tatizo la maelfu ya dola akaona linahitaji cherehani.

Lakini kifaa kinachonifurahisha kuliko vyote kimetoka Kampala, na Waganda wengi hawakijui. Hapa kwetu karibu mtoto mmoja katika kila elfu huzaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, aligundua kwamba mguu wa mtoto mchanga hauhitaji upasuaji mkubwa. Unageuzwa taratibu kwa mkono, unafungwa plasta, wiki inayofuata unafunguliwa na kusogezwa tena kidogo. Kwa wengi plasta tano au sita zinatosha, kisha kano ya kisigino, ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa, hukatwa kwa tundu dogo ili irefuke. Ni ile ile habari ya mwili kusoma mzigo: tishu changa ikivutwa kwa upole, kwa muda mrefu, inaota upya kwa umbo jipya. Na kwa kuwa inasoma, ikiachwa itarudi ilikotoka. Kwa hiyo mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu usiku tu mpaka afike miaka minne hivi.

Viatu vya kutoka ng'ambo vilikuwa ghali. Michiel Steenbeek, fundi wa viungo bandia kutoka Uholanzi, akiwa Katalemwa Cheshire Home kule Kampala, alibuni vya ngozi na vyuma vya kawaida vinavyoshonwa na kuchomelewa kwenye karakana yoyote. Leo vinaitwa kwa jina lake na vinatengenezwa katika nchi nyingi. Nchini Uganda plasta zenyewe hufungwa zaidi na maofisa tabibu wa mifupa waliofunzwa njia hiyo, bila kumsubiri bingwa. Shida kubwa inabaki kwenye usiku. Mguu ukishanyooka, mama haoni tena ugonjwa, mtoto analia, viatu vinatupwa uvunguni.

Kano haina haraka

Nimesema habari za mfupa kwa sababu mfupa ni mwanafunzi mwepesi. Kano ni mzito.

Watu wa Kapchorwa, kwao wakimbiaji wa Uganda, wanaijua kazi ya kano ya kisigino hata kama hawaitaji. Joshua Cheptegei alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 pale Valencia, Oktoba 2020, sehemu kubwa ya kila hatua hakuilipia upya. Mtu anapokimbia, kano hujinyoosha mguu unapotua, ikaweka nguvu kama mpira wa manati, ikairudisha mguu unapoondoka. Mwaka 1987 Alexander na wenzake wa Leeds walikadiria kwamba kano ya kisigino huhifadhi kama asilimia 35 ya nguvu inayozunguka katika kila hatua ya mbio, na upinde wa unyayo asilimia 17 nyingine. 

Watafiti wa Denmark walitaka kujua kano hujifanya upya kwa kasi gani. Walitumia saa ya ajabu: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni ya mnunurisho hewani, na kila mtu aliyekuwa akikua wakati huo aliijenga mwilini. Walipopima kano za waliozaliwa miaka mbalimbali, walikuta kwamba kiini cha kano ya kisigino hujengwa hadi kimo cha mtu kinapokoma, kwenye miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi. Kano uliyonayo ukiwa na miaka 50 ni ile ya shuleni.

Hivyo kano ikichakaa, sindano na mafuta ya kuchua haviijengi. Håkan Alfredson, daktari Mswidi, alisumbuliwa na kisigino chake mwenyewe, na husimulia kwamba alipokataliwa upasuaji aliamua kuizidishia kano mzigo ili ikatike kabisa apasuliwe. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida: simama kwenye ngazi kwa vidole, shusha kisigino polepole chini ya ukingo, mara 15, mizunguko mitatu, mara mbili kwa siku, wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Ni watu wachache, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kushuka peke yake kunakoponya bali mzigo mzito na wa polepole kwa jumla. Wiki 12 ndizo zinazowashinda wengi. Wiki ya tatu mtu anasema dawa haifanyi kazi.

Mdogo wangu alipofika wakati wa kukanyaga, hospitali ilimwambia neno moja: "Kanyaga kidogo." Kidogo ni kiasi gani? Aliogopa, akakaa wiki mbili bila kugusa chini, mpaka tulipomrudia yule kijana wa mazoezi ya viungo. Akamwambia kwa mvunjiko wake, na picha zake zinavyoonekana, aanze na kilo 20, aongeze kila wiki, apunguze maumivu yakizidi. Tukauliza, kilo 20 za mguu zinapimwaje? Akacheka. Akatuambia tutafute mizani.

Pale stendi kuna mtu mwenye mizani ya kupima watu, shilingi 500. Mdogo wangu aliweka mguu mzima juu ya tofali, magongo mkononi, akaushusha ule mbovu juu ya mizani taratibu mpaka mshale ukagusa 20, akainua, akarudia, ili mguu ujifunze jinsi 20 inavyohisi. Mwenye mizani aliinama kusoma.

"Ndugu yangu, kilo 20? Mbuzi wangu anakuzidi."

Wiki iliyofuata tulimlipa tena, akafika 35. Hajji alikuja kutazama. Alimpokea mwanawe gongo moja kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa na fimbo.